Paa la pande nne: anza na mbao za kona

Paa la pande nne likibonyea, kagua kwanza mbao za kona, zile nne zinazopanda kutoka pembe za nyumba hadi ncha za mgongo, mbao ya juu kabisa ya paa. Mafundi wengi huzichagua kwa kipimo kilekile cha makombamoyo mengine (mbao za mteremko zinazobeba bati au vigae), na hapo ndipo tatizo huanzia.

Makombamoyo mafupi hayafiki kwenye mgongo. Yanaishia kwenye mbao ya kona na kuitwisha sehemu ya mzigo wake. Chini, karibu na pembe, ni mafupi sana. Juu ni marefu. Kwa hiyo mzigo unazidi kadiri unavyopanda, na mbao inayoubeba ndiyo ndefu kuliko zote.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 6, mteremko digrii 30 pande zote. Mgongo utakuwa mita 4, yaani urefu toa upana. Kombamoyo la kawaida linasafiri mita 3 kwa usawa, linapanda mita 1.73, na urefu wake ni mita 3.46. Mbao ya kona inapanda kiasi hichohicho, lakini kwa usawa inakwenda mita 4.24 (3 mara 1.414), hivyo inafika mita 4.58 kabla hujaongeza upenu. Mteremko wake ni digrii 22 tu. Ukiikata kwa 30 haitakaa. Makombamoyo mafupi yakiachana kwa milimita 600, kila moja linapungua milimita 693 kuliko jirani yake.

Upana wa mbao ya kona usiwe chini ya uso wa kombamoyo uliokatwa wima. Mbao ya milimita 150 ikikatwa hivyo kwa digrii 30 inatoa uso wa milimita 173, basi tumia ya 200. Hicho ni kima cha chini cha kupata maungio mazuri tu. Uwezo wa kubeba mzigo upigiwe hesabu na mhandisi.

Sasa kichwa chake kinashikwa na nini? Mbao ya mgongo ya kawaida inapanga makombamoyo tu, si boriti ya kubeba. Simamisha nguzo chini ya kila maungio ya mgongo na kona, ishuke hadi kwenye ukuta unaobeba mzigo. Usiisimamishe katikati ya boriti ya dari, maana itaipinda na dari litapasuka. Kama hakuna ukuta chini, usikisie: mgongo na kona zisanifiwe kama boriti kamili.

Miguuni kuna jambo linalosahaulika zaidi. Makombamoyo yanasukuma kuta nje. Kwenye kuta ndefu, boriti za dari zinazivuta zisitanuke. Kwenye visusi, yaani pande mbili fupi za nyumba, boriti hizo zinakwenda sambamba na ukuta, hivyo hazishiki chochote. Weka boriti fupi kutoka ukuta wa kisusi, uzifunge kwenye boriti nzima mbili au tatu za mwanzo. Mbao ya juu ya ukuta nayo izunguke nyumba bila kukatika: pembeni zipishane na kufungwa kwa bolti, na kipande cha mshazari kikate pembe kwa digrii 45 ili mguu wa mbao ya kona usiitanue.

Pengo linalokatwa kwenye mbao ili ikalie ukutani lisizidi theluthi moja ya upana wa mbao. Kwa mbao ya kona yenye unene wa milimita 50, ishushe kama milimita 10 zaidi, la sivyo kingo zake zitainua bati au vigae. Pigilia makombamoyo mafupi kwa jozi, moja kila upande. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mbao ya kona itapinda, na huwezi kuinyoosha tena; vuta uzi juu yake ukague kila jozi.

Upepo hufyonza zaidi pembeni na kingoni, kwa hiyo misumari peke yake haitoshi. Funga kila kombamoyo kwa mkanda wa chuma, na mbao ya ukuta kwa bolti zilizozikwa kwenye zege. Mbao zikikauka hunywea na nati hulegea, basi zikaze tena kabla ya kufunga dari.