Kwa Mkutubi Mgeni: Soma Leseni Kabla ya Kuuliza Bei

Ukikabidhiwa dawati la vitabu vya kielektroniki katika maktaba ya chuo kikuu hapa Mombasa, wahadhiri watakuletea orodha za vitabu vya kiada, nawe utavutika kuuliza bei kwanza. Nakushauri uanze na leseni. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa ni mali ya maktaba, ilhali cha kielektroniki mara nyingi unanunua ruhusa ya kukisoma tu. Ruhusa hiyo inaweza kuwa ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, ya wasomaji watatu, au ya wasomaji wasio na kikomo. Inaweza kuwa ya kudumu au ya mwaka mmoja, na ya mwaka isipolipiwa tena kitabu hakifunguki.

Tofauti hizi hujitokeza usiku wa kuamkia mtihani. Mwanafunzi aliyeko Likoni anabonyeza kiungo na kuambiwa kwamba nafasi zimejaa, ajaribu baadaye, kumbe mwenzake wa Kisauni aliyetangulia kukifungua amepitiwa na usingizi, na mfumo haujamwondoa bado. Asubuhi mhadhiri atakulalamikia kwamba maktaba haina kitabu ambacho kimo katika katalogi na kimelipiwa. Usibishane naye, fungua ripoti za matumizi. Watoa huduma wengi wa vitabu hivi hufuata COUNTER, kanuni za kimataifa za kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki, ambazo zina ripoti ya vitabu vilivyokataa kufunguka, na ripoti hiyo hutenganisha waliokataliwa kwa kuwa maktaba haina leseni na waliokataliwa kwa kuwa nafasi zimejaa. Kundi la kwanza linakuonyesha kitabu cha kufikiria kununua, la pili kitabu cha kuongezewa nafasi. Ukiingia katika kikao cha bajeti na takwimu hizo mkononi, utasikilizwa kuliko ukiingia na malalamiko.

Utakutana pia na wachapishaji wasiouzia maktaba kabisa vitabu vyao vya kiada, kwa kuwa wanapata zaidi wakimuuzia kila mwanafunzi nakala yake. Hapo mwombe mhadhiri atazame kama kuna kitabu huria kinachotosha. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, imekuwa ikitoa vitabu vya mwaka wa kwanza tangu 2012, vikiwemo vya fizikia, takwimu na uchumi, na mwanafunzi huvipakua bila malipo wala foleni. Mifano yake mingi ni ya Kimarekani, kwa hiyo uamuzi wa kufaa au kutofaa ni wa mhadhiri, si wako.

Kabla ya kutia saini, omba muda wa majaribio, kisha jaribu kitabu kwa simu ya kawaida, kwa bando lako, ukiwa nje ya chuo, na kwa akaunti yenye haki za mwanafunzi. Kompyuta ya ofisini itakuficha mengi, kwa sababu mtandao wa chuo hutambuliwa moja kwa moja bila kuomba nenosiri. Angalia kama sura nzima inaweza kupakuliwa mwanafunzi akiwa chuoni, akaisome nyumbani bila intaneti. Angalia pia kama maandishi hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, kama zifanyavyo faili za EPUB, au ni kurasa za PDF za kusukumwa huku na huku kwa kidole. Jaribu vilevile programu ya kusoma kwa sauti, kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Wauzaji hawakosi maneno matamu juu ya jambo hili, lakini utakuta vitabu ambavyo programu hiyo haisomi hata mstari.

Ikiwa chuo chako ni mwanachama wa KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, tazama kwanza orodha ya huduma zinazolipiwa kwa pamoja, usije ukanunua mara ya pili kilichokwisha kulipiwa.

Mwisho, andika tarehe ya kukoma kwa kila leseni na uilinganishe na kalenda ya masomo, kisha uombe ankara mpya miezi kadhaa kabla, kwa sababu hundi ya chuo hupita madawati mengi na mtoa huduma akifunga kitabu katikati ya muhula hatauliza imekwama wapi.