Simu Imezama Deep Sea, na Malengo Yangu Yote Yamo Ndani

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kike, nina kibanda Ngamiani. Asubuhi moja nilikwenda Deep Sea kununua samaki, na nilipoinama kuchagua tasi kwenye tenga, simu niliyokuwa nimeichomeka kwenye pindo la kanga iliteleza ikaangukia majini, kati ya ngalawa mbili. Kijana mmoja aliizamia akaitoa. Nikaipangusa, nikaiwasha, ikawaka kidogo kisha ikazima. Nyumbani niliifukia kwenye mchele, baadaye nikaichomeka kwenye chaji, lakini haikuwaka tena. Fundi simu ameniambia bodi imeshika kutu.

Humo ndani mna vipimo vya wateja wangu, picha za mishono, hesabu ya fedha ninazoweka kwenye kikoba ili ninunue mashine ya ovaloki, na programu iliyokuwa ikinihesabia siku nilizofululiza kuamka alfajiri na kujifunza Kiingereza. Tangu siku hiyo sijaamka alfajiri wala kugusa Kiingereza, na najiona mzembe nisiyefaa kukabidhiwa kitu. Mteja mmoja ameniachia kijitabu cha mafundisho ya Buddha, nami nimesoma humo kwamba chanzo cha mateso ni tamaa. Je, kuna kinachoweza kuokolewa? Na je, malengo yangu ndiyo hiyo tamaa, kwamba niyaache nipumzike? Mimi ni Mwislamu na sitaki kuvuka mpaka.
Fundi wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Naanza na chombo chenyewe, maana kutu haisubiri.

Chumvi iliyomo katika maji ya bahari huyafanya yapitishe umeme kwa wepesi, na simu inapokuwa imewashwa, umeme wa betri hupita katika maji hayo na kuila shaba ya bodi kwa kasi ambayo maji ya mvua hayaifikii. Hata simu ambayo boksi lake limeandikwa IP68, yaani alama ya kuhimili maji, imepimwa kiwandani kwa maji yasiyo na chumvi, tena ikiwa mpya. Mpira unaoziba maungio yake huchakaa kadiri miaka inavyopita na kadiri mafundi wanavyoifungua. Kuhusu mchele, najua nyumba nyingi za mji huu zinauamini, lakini mchele hauvuti chumvi, na vumbi lake huingia katika tundu la chaji. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaeleza wateja wake waziwazi kwamba wasiiweke simu iliyolowa kwenye mfuko wa mchele.

Kwa msomaji mwingine ambaye simu yake itaangukia baharini kesho, la kwanza ni kuizima, au kuiacha vivyo hivyo ikiwa imekwisha kuzimika, kisha kutoa laini na memori kadi, kuisuuza kwa maji safi yasiyo na chumvi, na kuifikisha siku hiyo hiyo kwa fundi ambaye ataifungua, ataitenga betri na kuiosha bodi kwa spiriti kali. Isichomekwe kwenye chaji wala isianikwe juani, kwa kuwa betri iliyoingiwa na maji ya chumvi inaweza kuwaka moto.

Kwa ya kwako, tafuta fundi anayejua kazi ya bodi, si wa kubadilisha vioo tu, umwambie kwamba hutaki irudi kazini bali iwake mara moja ili uhamishe vilivyomo. Ni muhimu aelewe hivyo, kwa sababu simu nyingi za miaka ya karibuni hufunga kumbukumbu zake kwa msimbo unaofungamana na bodi ile ile, hivyo kuihamishia chipu ya kumbukumbu kwenye simu nyingine hakusaidii. Elewaneni bei kabla hajashika bisibisi, na kama ni kubwa kuliko thamani ya vilivyomo, achana nayo.

Ila kabla ya kulipa, pima ni kipi hasa kilichozama. Fedha za kikoba hazikuwamo katika simu; zimo katika kitabu cha kikundi na katika kitabu chako cha hisa, na katibu wenu anaweza kukusomea hesabu yako. Fedha za mtandao wa simu ziko kwa kampuni, nawe utazikuta utakaporudishiwa laini kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Majina ya wateja huenda yamehifadhiwa katika akaunti yako ya Google, na yatashuka yenyewe katika simu utakayoingiza akaunti hiyo. Kinachobaki ni picha na vipimo. Kuhusu vipimo, wewe unajua kuliko mimi kwamba gauni lililokatwa kwa vipimo vya Idi iliyopita mara nyingi hurudi kibandani kupanuliwa. Mafundisho uliyoyasoma yanasema kila kilichotengenezwa hubadilika. Wewe unalipima hilo kwa futi kila siku, kifuani na kiunoni.

Sasa niende kwa Buddha mwenyewe. Siddhartha Gautama, ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Lumbini katika nchi ambayo leo ni Nepal, alifundisha kaskazini mwa India zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika mkusanyo wa mafundisho yake uliohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, upo mfano wa mishale miwili. Mtu asiyefunzwa akipatwa na maumivu huhuzunika, hulalama na kujipiga kifua, akawa kama aliyechomwa mshale mmoja, kisha papo hapo akachomwa wa pili. Mtu aliyefunzwa huchomwa ule wa kwanza tu. Kuzama kwa simu yako ni mshale wa kwanza: unauma, una gharama, na hakuna anayekutaka ujifanye huusikii. Wa pili ni pale ulipojihukumu kuwa mzembe usiyefaa kukabidhiwa kitu, kisha hukumu hiyo ikakuzuia kuamka. Bahari ilichukua simu. Kiingereza chako haikukigusa.

Swali lako la tamaa limenipendeza kuliko mengine yote, kwa sababu wasomaji wengi wa vijitabu hivyo huishia njiani. Kweli ya pili katika zile kweli nne za Buddha hutaja kiu kuwa chanzo cha mateso, na hutaja kiu za aina tatu: kiu ya kustarehe, kiu ya kuwa hivi au vile, na kiu ya kutaka kutokuwapo, yaani kutaka mambo yafutike yaishe. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa. Unaponiambia kwamba pengine uyaache malengo yote upumzike, mimi naisikia hiyo, imevaa nguo za utulivu. Tena ile njia ya mambo manane aliyoielekeza ina juhudi iliyo sawa na riziki iliyo sawa ndani yake, na sioni jinsi kushona nguo za watu kwa uaminifu na kuweka akiba ya ovaloki kunavyoweza kuwekwa nje ya hayo. Kinachotiliwa shaka ni kule kung'ang'ania kwamba lazima itokee hivi, kwa siku hii, la sivyo mimi si kitu.

Kuna kisa cha mtawa aliyeitwa Sona, mtoto wa tajiri, ambaye alitembea kwa kutafakari hadi nyayo zikatoka damu, na alipoona hafiki popote akawaza kurudi kwao akale mali yake. Buddha alimkumbusha kwamba zamani alikuwa mpigaji wa kinanda cha nyuzi, akamuuliza kama nyuzi zilipokazwa mno kilipigika, na zilipolegea mno kilipigika. Sona alikiri kwamba hapana, mara zote mbili. Hakuambiwa aache juhudi, aliambiwa aipatanishe. Mtu wa Tanga, mji uliotoa Black Star na Lucky Star katika taarabu, hahitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Programu yako ya kuhesabu siku inajua kukaza tu: mtu akiugua siku moja inaandika sifuri, kana kwamba maneno aliyojifunza mwezi mzima yamemtoka kichwani. Mimi nisingeirudisha. Weka daftari kando ya cherehani, andika maneno machache uliyojifunza leo, na kesho ukikosa, keshokutwa uendelee chini ya mstari ule ule.

Na vipimo viandike katika daftari pia, kisha vipige picha ziende katika akaunti yako ya mtandaoni. Kuhifadhi jambo zaidi ya mahali pamoja ni desturi ya kale. Mafundisho haya ninayokusimulia yalibebwa vifuani kwa karne kadhaa, watawa wakiyakariri kwa pamoja ili mmoja akikosea wenziwe wamrekebishe, mpaka yalipoandikwa kwenye majani ya miti ya jamii ya mitende huko Sri Lanka, katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Wewe uliyepitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani unaijua njia hiyo tangu utotoni.

Juu ya mpaka wa dini, mimi si shehe, na hukumu ya dini yako utaipata kwa shehe. Ninachoweza kukuambia kwa haki ni kwamba Ubuddha haufundishi Mungu muumba, na unazungumzia kuzaliwa tena na tena. Katika mambo hayo mawili usitarajie kuupatanisha na Uislamu. Lakini mfano wa mishale miwili haukudai usujudie chochote, na utaona hauko mbali na subira ambayo Mwislamu huitamka kila msiba unapomfika, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea. Mwenye kutaka kuwauliza Wabuddha wenyewe anaweza kufanya hivyo Dar es Salaam, kwenye hekalu lao lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon.

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Chumbageni. Simu naifunga kwenye usukani ili nione ramani na meseji za wateja. Siku hizi kamera inatetemeka, picha hazitulii, ingawa haijaanguka hata mara moja. Pili, simu imenitawala, naichungulia hata ninapokuwa na abiria. Nimesikia Wabuddha wana siku maalumu ya kujizuia na starehe. Mimi ni Mkristo. Naweza kuiga kwa kuzima simu siku nzima kila wiki, ilhali wateja hunipigia humo humo?
Dereva, Chumbageni

JIBU: Haijaanguka, ndugu yangu, lakini inatikiswa kutwa. Kamera za simu nyingi za sasa zina lenzi inayoelea ndani ili kupunguza mtikisiko wa mkono, na mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini ya pikipiki, unaopanda kupitia usukani, unaweza kuiharibu sehemu hiyo. Kamera yenyewe hubadilishwa na fundi. Ukiirudisha simu usukani utaibadilisha tena. Itie mfukoni, isikilize kwa sikio, na usimame pembeni unapohitaji ramani. Hilo litatibu pia nusu ya swali lako la pili, na abiria wako atafika mzima.

Siku unayoisema hufuata mwezi, hasa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo waumini wa kawaida hushika masharti manane badala ya matano ya kila siku: pamoja na mengine, hawali baada ya adhuhuri, hawaendi kwenye ngoma wala michezo, na hawalali kwenye vitanda vya fahari. Angalia kwamba sharti lina mwanzo na mwisho, yaani alfajiri hadi alfajiri, na mtu anayelishika amekwisha kupanga shughuli zake. Wewe riziki yako inapita kwenye mlio wa simu, kwa hiyo kuizima siku nzima katikati ya wiki ni kuwaadhibu wateja. Anza na Jumapili, tangu unapoamka hadi ibada itakapokwisha, uwatangazie wateja wa kudumu mapema. Siku nyingine acha mlio wa kupigiwa peke yake, na milio ya makundi na video uizime yote.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mstaafu, naishi Raskazoni. Wanangu kila simu yangu ikileta kasoro kidogo hunitumia mpya, na droo yangu imejaa simu zilizokufa ambazo moyo haunipi kuzitupa. Mke wangu anasema ni uchoyo. Wewe waonaje?
Mstaafu, Raskazoni

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Mama ana hoja, lakini wanao nao wanaharakisha. Kanuni za watawa wa Kibuddha zinakataza mtawa kuomba bakuli jipya ikiwa la zamani halijafikisha viraka vitano. Zinasimulia pia jinsi mfalme Udena alivyomhoji Ananda, aliyekuwa akimhudumia Buddha, juu ya wingi wa nguo alizopewa. Ananda akamweleza kwamba nguo mpya hugawiwa wenye zilizochakaa, zilizochakaa hufanywa matandiko, matandiko yaliyoisha hufanywa vitambaa vya kupangusia, na mwisho kabisa hukatwakatwa, hukandwa na udongo na kupakwa sakafuni. Mfalme aliridhika, akaongeza nguo nyingine.

Kwa hiyo waambie wanao kwamba betri iliyochoka na kioo kilichopasuka ni viraka tu, na fundi wa jirani anaviweka kwa gharama ndogo kuliko simu mpya. Za kwenye droo, toa laini na memori kadi, zile zinazowaka zifute kumbukumbu zote, kisha zote umpelekee fundi huyo huyo, kwa sababu skrubu, spika na tundu la chaji la simu iliyokufa ndizo spea za simu ya mtu mwingine. Betri iliyovimba usiitoboe, usiichome na takataka za uani, wala usiiache kwenye droo hiyo na karatasi zako. Ikabidhi kwa fundi kwa mkono, ukimwonyesha ni ipi.