Mnaokuja Ufaransa kusoma, bonjour kwanza sarufi baadae

Wadogo zangu mnaokuja Septemba, mimi niko Lyon mwaka wa nne sasa na kila mwaka naona wageni wetu wanaumia na jambo lile lile, mtu ana cheti chake cha Kifaransa cha B2, yaani ngazi ya kujitegemea, sarufi ameiva kabisa, alafu wiki ya pili tu anakwambia Wafaransa wana roho mbaya. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Siku zangu za mwanzo niliingia boulangerie, yaani duka la mikate, nikafika kaunta nikasema kwa adabu zangu zote, une baguette s'il vous plaît, yaani mkate mmoja tafadhali. Yule mama akanitazama tu hakusogea, akasema, "Bonjour." Nikajua hajanisikia nikarudia, une baguette. Akasema tena, polepole, "Bonjour, monsieur," na foleni nzima nyuma yangu kimya. Nilitoka pale na mkate wangu moyo umeniuma, najiambia huu ni ubaguzi. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba machoni pake mimi ndo nilimkosea. Vitabuni tunafundishwa bonjour ni habari za asubuhi, lakini kwa matumizi yao bonjour ni hodi. Sisi kwetu nani anaingia nyumba ya mtu kimya kimya akaanza kuomba maji, hata aseme tafadhali mara kumi? Sasa kwao duka ni hivyo, ofisi ni hivyo, hata basi, unapanda unamwambia dereva bonjour, na ukiingia kwa daktari pale wagonjwa wanaposubiri unawasalimia wote kwa pamoja. Sema, subiri ujibiwe, ndo utoe shida yako. Jioni jioni kuanzia kama saa kumi na mbili inakuwa bonsoir, na kutoka usitoke kimya, sema "au revoir, bonne journée", yaani kwaheri, siku njema.

Ila kuna kitu kinatuchanganya sisi wa salamu ndefu. Uliyemsalimia asubuhi ukikutana nae tena mchana usimpe bonjour nyingine, ataona kama umemsahau, sema rebonjour au tabasamu tu. Na akikuuliza ça va? hajakuuliza habari za nyumbani na watoto, jibu ça va, et vous?, yaani salama, na wewe?, mkaendelea na safari.

Vous, yaani "wewe" ya heshima, usiifananishe na shikamoo, maana haiangalii umri. Binti wa miaka 20 aliyekaa kaunta ni vous, wanafunzi wenzako ni "tu", "wewe" ya kirafiki, kuanzia siku ya kwanza, wengine wote subiri wakwambie on peut se tutoyer, yaani tunaweza kuitana "tu".

Namba sasa. Hapa naomba mtulie kwasababu mimi zilinikosesha chumba. Namba ya simu huku inatajwa mbili mbili, ya mkononi inaanza 06 au 07, na dalali alinitajia yake haraka haraka, ndani yake kuna soixante-dix-huit na quatre-vingt-quatorze. Mimi nikasikia soixante nikaandika 60, alafu 18, nikasikia quatre nikaandika 4, vingt nikaandika 20, mwisho 14. Nafika nyumbani namba imezidi tarakimu kumi, haipigiki, na chumba kikachukuliwa. Zilikuwa 78 (60 na 18) na 94 (20 mara nne, na 14) tu! Dawa niliyoipata ni hii, ukisikia soixante au quatre-vingt kalamu ibaki juu mpaka amalize ile pea, ndo uandike. Na kila siku soma bei za sokoni kwa sauti, hasa zile kati ya 70 na 99. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi wamezoea septante (70) na nonante (90) kama Wabelgiji, mtaeleweka vizuri tu ila mtajibiwa soixante-dix, kwahiyo sikio lizoee. Saa nazo, quatorze heures, yaani 14, toa sita unapata saa nane, ila kuanzia 19 toa kumi na nane, vingt heures, yaani 20, ni saa mbili usiku.

Kingine, Kifaransa cha mtaani kinameza maneno. Je ne sais pas (sijui) utaisikia chais pas, il y a (kuna) inakuwa y a, na nous (sisi) karibu hutaisikia, badala yake ni on, on y va (twende), on mange (tunakula). RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya dakika 10 inaitwa Journal en français facile, ina maandishi yake, mimi nilikuwa nasikiliza kwanza bila kuangalia alafu narudia nikisoma, kila asubuhi. Inasaidia sana ila pale wanaongea safi, ya mtaani utaipata kwa watu.

Na watu utawapata mezani. Ukialikwa saa mbili usiku usifike saa mbili kamili, chelewa dakika kumi hivi, na usiende mikono mitupu, kama hugusi pombe peleka maua au chokoleti. Mkate unawekwa mezani pembeni ya sahani, usishangae. Ukishiba sema j'ai bien mangé, merci, yaani nimekula vizuri, asante, usitafsiri nimeshiba ukasema je suis plein, maana hiyo ni mtu aliyelewa, na pleine ni mnyama mwenye mimba. Jibini inakuja kabla ya kitu kitamu, alafu kahawa, alafu maongezi mpaka usiku wa manane na hakuna anayekuharakisha. Usiage mapema, kaa hapo usikilize hata kama unashika nusu tu, na kesho yake mtumie mwenyeji meseji ya asante.