Ukisoma kuhusu mifumo ya sauti, kaa na uzi mmoja karibu

Utafiti mzuri juu ya sauti zilizo nje ya zile 12 za kinanda unaweza kukukesha, lakini raha yake haiko kwenye majedwali, iko sikioni. Anayesoma tarakimu bila kuzisikia huchoka mapema, kisha akadhani hesabu ndiyo iliyomshinda. Kabla ya kusoma mbali, tengeneza ala ya uzi mmoja.

Tafuta ubao mgumu na uzi wa chuma wa gitaa. Weka vidaraja viwili vilivyoachana sm 60 kamili, kaza uzi juu yake, bandika rula chini, halafu tia kidaraja cha tatu cha kusogeza. Hiki cha tatu kiguse uzi tu. Kikizidi kimo kinausukuma juu, uzi unakaza, na sauti inapanda kupita ile unayoitafuta. Vipimo vingi huharibikia hapo.

Sasa kila uwiano unaoukuta kitabuni, yaani sauti ya juu inatetema mara ngapi ya ile ya chini, ugeuze kuwa urefu wa uzi: gawanya 60 kwa uwiano huo. 3/2 ni sm 40. 5/4 ni sm 48. 7/4, ambayo kwenye kinanda haipo, ni sm 34.3. Mi ya kinanda, ukihesabu uzi mzima kuwa Do, iko sm 47.6. Kati yake na 5/4 kuna milimita nne tu, na bado sikio linazitofautisha.

Ukitaka kuisikia tofauti hiyo waziwazi, piga Hz 220 (mitetemo 220 kwa sekunde) pamoja na Hz 277.2 kwenye kompyuta. Sauti inatikisika karibu mara 9 kwa sekunde. Shusha ile ya juu hadi 275: mtikisiko unakwisha, sauti mbili zinashikana. Sababu ni kwamba kila sauti hubeba haramoniki, sauti ndogo za juu zenye mitetemo mara 2, 3, 4 na kuendelea ya ile ya msingi. Haramoniki ya 5 ya sauti ya chini ni Hz 1100, na ya 4 ya sauti ya juu ilikuwa karibu 1109. Hizo ndizo zilizokuwa zikigongana. Kwa hiyo usitumie wimbi laini lisilo na haramoniki. Hutasikia mgongano huo, nawe utadhani kitabu kimekosea.

Utakutana pia na senti, kipimo alichokieneza Alexander Ellis mwaka 1885: oktavia, yaani uwiano wa 2/1, ni senti 1200, nusu sauti ya kinanda ni 100. Kuzipata, chukua logi ya uwiano, gawanya kwa logi ya 2, zidisha kwa 1200. 5/4 inatoa 386.3. Hapo unaona kwa nini watu wanaupenda mgawanyo sawa wa 31, yaani oktavia iliyokatwa hatua 31 zilizo sawa: hatua zake 10 ni senti 387.1, chini ya senti moja kutoka lengo. Gharama iko kwenye 3/2, inayopungua kama senti 5. Mgawanyo wa 53 unaipata 3/2 karibu kamili, ila kuanza na sauti 53 ni kujitesa. Anza na 31.

Ukifika hatua ya kuandika faili la skeli (orodha ya sauti za mfumo wako) la Scala, programu ya kompyuta ya kujaribu mifumo ya sauti, 1/1 haiandikwi; mstari wa mwisho kwa kawaida ndio oktavia, 2/1. Na usisahau nukta. 386.0 husomwa kama senti, lakini 386 bila nukta husomwa kama uwiano wa 386/1, oktavia zaidi ya nane juu. Skeli ikilia kama filimbi, kagua nukta kwanza.