Kabla hujampeleka mgonjwa kwa mchungaji au shehe, uliza hili

Mdogo wangu alipoanza kusikia sauti, kwetu Korogwe hakuna aliyetaja ugonjwa. Mama, Mlokole, alisema pepo. Shangazi, Mwislamu, alisema jini. Mimi nilisema hospitali, nikaonekana sina imani.

Hospitali alipewa vidonge, akaanza kulala. Mama akampeleka kwenye maombi. Mchungaji akaomba kimfuko cha dawa, akazimwaga mbele ya madhabahu, vigelegele vikalia: amefunguliwa! Wiki ya tatu tulimkuta usiku wa manane barabara ya Segera, pekupeku, anabishana na malori.

Kwa shehe nilikwenda nimenuna. Akamsomea, mkono kichwani. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, kombe likanywewa. Kisha akaniuliza, "Za hospitali anakunywa saa ngapi?" Nikasema zilimwagwa. Akaguna. "Mtume kasema kila maradhi yana dawa. Kombe alasiri, vidonge usiku. Asiache, mwanangu."

Na shehe huyo majini anayaamini hasa! Tangu hapo siwaulizi viongozi wa dini wanaamini nini.

Jirani yetu Mkatoliki alitaka padri ampunge mwanawe pepo. Akajibiwa kwamba kanuni ya 1172 ya Kanisa hairuhusu bila idhini ya askofu, aanze kwa daktari. Alidhani anakwepwa. Halafu kule milimani ipo Lutindi ya Walutheri, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kulea watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kanisa limeishi na wagonjwa hawa zaidi ya miaka 100, na sisi wa bondeni bado tunapanda basi kumfuata nabii mjini.

Basi nenda kwanza peke yako, mgonjwa abaki nyumbani. Uliza: "Nikimleta, dawa zake tufanyeje?" Akisema ziachwe ili imani ifanye kazi, shukuru uondoke. Ukiona minyororo au fimbo, usingoje hata kuaga. Akitaka mgonjwa afunge, daktari aulizwe kwanza. Daktari naye usimfiche habari za kombe wala maombi, kashazisikia nyingi.

Mama hajaacha kusema pepo. Ila kila saa tatu usiku ndiye anayesimama na kikombe cha maji, anangoja kidonge kishuke, ndipo aanze kukemea.