Ukiruhusiwa kuingia na karatasi ya dondoo kwenye mtihani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mbeya, ninaishi Iyunga. Mhadhiri wetu wa takwimu ametangaza kwamba kila mtahiniwa ataingia na karatasi moja ya A4, iliyoandikwa pande zote mbili kwa mkono wake mwenyewe. Wenzangu wamefurahi, wanasema msuli umekwisha. Baadhi yao wananakili madesa yote kwa maandishi madogo kama punje za ulezi, na mmoja anauza kopi za karatasi aliyoiandaa yeye. Zimebaki wiki tatu na sijui nianzie wapi. Niweke nini, niache nini?
Msomaji, Iyunga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujagusa kalamu, isome upya ruhusa yenyewe, kwa sababu karatasi inayotoka nje ya ruhusa hiyo hata kidogo haiitwi tena dondoo, inaitwa kibomu, na msimamizi hatakuwa na muda wa kusikiliza maelezo yako. Mhadhiri ametaka mwandiko wa mtahiniwa. Kwa hiyo kopi anayouza mwenzako haifai, na hata ukiinakili kwa mkono neno kwa neno utakuwa umebeba majibu ya mahali anapokwama yeye, si unapokwama wewe. Muulize mhadhiri mambo mawili ambayo wanafunzi husahau kuyauliza: kama mifano iliyokokotolewa inaruhusiwa, na kama majedwali ya takwimu yatatolewa ndani ya chumba cha mtihani. Yakitolewa, umeokoa nafasi kubwa.

Kosa la wenzako ni kuanzia kwenye madesa. Wewe anzia kwenye mitihani iliyopita. Keti na pepa moja, funga daftari, weka pembeni karatasi chakavu, na kila unapokwama mpaka ukalazimika kulifungua daftari, andika kwenye hiyo karatasi chakavu kile kile ulichokwenda kukitafuta, wala si zaidi. Ukimaliza pepa nne au tano utakuwa na orodha ambayo hakuna mwenzako anayeweza kukuuzia. Tena kujipima huko kunakufundisha kuliko kusoma tu: mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama, walikikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma, ingawa dakika 5 baada ya kusoma hali ilikuwa kinyume. Ndiyo maana anayepitia madesa usiku wa kuamkia mtihani hulala akijiona anajua kila kitu.

Tuchukue mfano. Umepima magunia 25 ya viazi kutoka Uporoto, ukapata mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi uzito wa magunia unavyotawanyika kuuzunguka wastani, wa kilo 10, na swali linataka ukadirie wastani wa uzito kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kugawa 10 kwa kipeuo cha pili cha 25 ukapata 2, hilo huenda unalijua hata usingizini. Kinachokuponza ni hatua inayofuata: je, uzidishe kwa 1.96 ya jedwali la z au kwa 2.064 ya jedwali la t? Ukitumia namba ya kwanza, ukingo wa makosa unakuwa kilo 3.92, ukitumia ya pili, ambayo ndiyo sahihi kwa sababu mchepuko wa magunia yote haujulikani na wewe umeukadiria kutoka kwenye sampuli, unakuwa kilo 4.13 hivi. Basi usiandike kanuni ikiwa peke yake. Iandike pamoja na sharti lake, kwa maneno machache kama haya: "mchepuko wa kundi zima haujulikani: jedwali la t, n−1, hapa 24". Kwamba jedwali hilo lilitokana na kazi ya William Sealy Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha la "Student", ni habari tamu, lakini haistahili hata nusu mstari kwenye karatasi yako. Wala maana ya wastani au ya sampuli haistahili. Kama hujazijua hizo kufikia sasa, tatizo lako ni kubwa kuliko A4.

Kuhusu nafasi, karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na ukiacha milimita 7 kwa kila mstari utapata mistari kama 40 kila upande. Inatosha kabisa. Maandishi ya punje za ulezi husomeka chumbani kwako ukiwa umetulia, lakini kwenye ukumbi wa mtihani, saa ikikimbia, kila mara utakayolitafuta neno utapoteza dakika ambazo zingetosha kuandika hatua mbili za jibu. Usizipange dondoo kwa kufuata mada zilivyofundishwa wiki kwa wiki. Zipange kwa kufuata namna unavyoamua unapolisoma swali, yaani kwanza ni data za aina gani, kisha ni makundi mangapi, ndipo ije kanuni.

Rasimu iwe tayari siku saba kabla. Fanya nayo pepa moja nzima ambayo hujawahi kuigusa, kwa muda uleule wa mtihani, bila daftari. Mstari ambao jicho halikuufuata hata mara moja ufute, na ulichokikosa kiongeze, kisha ndipo unakili nakala safi. Iandike kwa bik. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika yangu kwa kalamu ya wino wa majimaji, nikaikunja kwenye mfuko wa shati, na mvua ya Machi ikanikuta kati ya kituo cha daladala na ukumbi. Nilipoifungua, upande mmoja mzima ulikuwa bluu tupu.

SWALI: Mwalimu, mimi ninasoma sheria mjini Iringa. Kwenye mtihani wa mikataba tunaruhusiwa kuingia na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, lakini isiwe na maandishi yoyote ya pembeni. Sasa mtu ajiandae vipi na kitabu asichoruhusiwa kukiandika?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ujiandae kwa kuzijua njia za ndani ya sheria hiyo kama unavyozijua njia za mtaani kwenu. Nunua au toa nakala mbili: moja ya kuchafua nyumbani, nyingine safi ya kuingia nayo, na zote mbili ziwe za toleo moja lililorekebishwa, lile analolitumia mhadhiri wako, ili namba zisikuchanganye. Halafu fanya zoezi hili: mwenzako akutajie tukio, kwa mfano kijana aliye chini ya umri wa utu uzima aliyesaini mkataba wa kununua pikipiki, nawe ufungue moja kwa moja kifungu cha 11, kinachohusu uwezo wa mtu kuingia mkataba, kabla hajahesabu hadi kumi. Kitabu kitakupa maneno ya kifungu tu. Kukihusisha kifungu hicho na kijana wa pikipiki ni kazi yako, na huko ndiko alama ziliko. Kuhusu vijikaratasi vya rangi vya kubandika kwenye kurasa, muulize mhadhiri mapema, maana wapo wanaovihesabu kuwa ni maandishi hata vikiwa vitupu.

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha nne. Je, naye anaweza kuingia na karatasi kama hiyo kwenye mtihani wa taifa?
Mzazi, Makambako

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Katika mitihani ya NECTA dondoo za aina yoyote haziingii chumbani, na mtahiniwa akikutwa nazo anaweza kufutiwa matokeo. Hata hivyo mwache aiandike kwa njia ileile niliyomweleza msomaji wa Iyunga, kisha asubuhi ya mtihani akukabidhi wewe ubaki nayo nyumbani.