Kabla hujagusa piramidi, mfuate kwanza mama wa sokoni

Wadogo zangu mnaoanza Pharaoh, gemu la kompyuta la kujenga miji ya Misri ya kale, nawapenda sana lakini uvumilivu unaniishia. Iwe ni lile gemu la zamani la 1999 la kampuni ya Impressions au hili lililotengenezwa upya likatoka 2023, mgeni akikuonyesha mji wake ni uleule: barabara kama ubao wa drafti, njia panda kila baada ya nyumba nne, hekalu la Osiris limekaa kati kwa heshima zote, halafu anauliza "mbona nyumba zinapanda zinashuka?" Na kuna mwenzake, naye wa juzi tu, anamjibu "ongeza soko". Jamani!

Basi someni haya, na msiruke namba moja kwa sababu ndiyo wote mnairuka.

1. Njia panda ndiyo inaua mji. Siyo njaa, siyo maadui, siyo hasira za mungu Seth. Najua habari ya watembeaji, wale wanaotoka kwenye majengo kupeleka huduma kwenye nyumba wanazozipita, mmeshaisikia, kila mtu anaijua kwa mdomo, ila sijaona mgeni anayekaa akamfuatilia mtembeaji mmoja kuanzia anapotoka mlangoni mpaka anaporudi. Kuna dogo mmoja alikuja kwangu na laptop yake, yuko kwenye misheni ya mji wa Men-nefer, amekata tamaa kabisa. Yadi yake ya kuhifadhia bidhaa ina vyungu mia nane vimekaa tu, wafinyanzi wanaendelea kuleta vingine, na nyumba hatua chache kutoka hapo ukizibonyeza zinasema zinashuka hadhi kwa kukosa vyungu. Yeye ameshajenga soko la pili, la tatu, na sasa anatafuta nafasi ya la nne. Nikamwambia shika mausi, mfuate yule mama muuzaji, usifanye kitu kingine chochote, we mwangalie tu.

Mama katoka sokoni na kikapu chake. Njia panda ya kwanza, kakata kushoto, akaenda zake mpaka kwenye mashimo ya udongo ambako hakuna hata kibanda kimoja, akafika mwisho wa barabara, akageuka, akarudi kwa njia ya mkato. Hajauza chungu hata kimoja. Mara ya pili akanyoosha mpaka kwenye gati. Mara ya tatu akaingia mtaa wa kwanza wa nyumba, dogo akaruka kwenye kiti kwa furaha, lakini mtaa wa nyuma yake hakuugusa, na mtaa wa nyuma ndio ulikuwa unaanguka. Tukaona nyumba moja inarudi kuwa kibanda mbele ya macho yetu, na familia inatoka imebeba mizigo inaelekea nje ya mji, kwa sababu kibanda hakiwezi kubeba watu wengi kama nyumba. Sasa fuatilia hesabu hapo. Watu wakiondoka, wafanyakazi wanapungua. Wafanyakazi wakipungua, kila jengo linapata pungufu, na lile soko la pili na la tatu yanang'ang'ania watu walewale. Kituo cha zimamoto kikabaki na nusu ya watu wake, yule wa doria akawa anatoka kwa kuchelewa, na moto ukashika karakana ya mfinyanzi halafu ukaingia sokoni kwenyewe. Dogo akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kimya makusudi muda wote, nataka aone mwenyewe kwamba hakuna aliyemuonea, mama alitembea vilevile ambavyo barabara zilimruhusu kutembea.

Tulichofanya hakikuwa na uchawi. Tukabomoa barabara zote za kuunganisha, tukabakiza mzunguko mmoja usio na tawi, nyumba zimeukumbatia pande zote mbili, zisikae mbali zaidi ya vigae viwili, yaani miraba miwili ya ramani, kutoka barabarani. Soko, maji, daktari, zimamoto, msanifu majengo, vyote kwenye mzunguko huohuo. Pale barabara inapotoka kwenda viwandani tukaweka kizuizi. Na hapa nisikilizeni vizuri maana wengi mnachanganya: kizuizi kinamzuia anayezurura tu, yule anayetoka bila kujua anakokwenda. Mwenye safari yake anapita. Mama mnunuzi, yule anayelichukulia soko bidhaa, akienda ghalani anapita, mbeba mizigo anapita, kibarua akienda shamba anapita. Kwa hiyo ukiona watu wanaogopa kuweka vizuizi eti chakula hakitafika, ujue hawajawahi kuangalia.

Ila usije ukafunga viwanda peke yake upande wa pili bila nyumba hata moja, maana wale wanaotafuta wafanyakazi nao ni wazururaji, lazima wapite karibu na nyumba ndipo jengo lipate watu. Vibanda viwili vitatu vya ovyo kule vinatosha, acha viwe vibaya tu, haviko pale kwa ajili ya picha.

2. Ghala liwe karibu na mashamba ya bondeni na liwe tupu wakati wa mavuno. Mavuno yanakuja kwa mkupuo kabla maji hayajapanda, siyo kidogokidogo, na wabebaji wakikuta ghala limejaa wanasimama na mzigo wao njiani. Panga chakula cha mwaka mzima, mwaka mzima kweli, usiangalie wingi wa siku ya mavuno ukaanza kuita wahamiaji wapya. Na utabiri wa mafuriko anaouleta msimamizi mkuu usomeni, msiufunge haraka kama tangazo.

Hapa nina jambo dogo ambalo hunifurahisha kila nikilicheza hili gemu nikiwa huku kwetu. Watu wengi wa huku wanadhani yale mafuriko ni maji ya Ziwa Victoria. Maji yetu yanapita Jinja yanakwenda kweli, na yanasaidia mto usikauke, lakini mafuriko yenyewe pamoja na ule udongo mweusi uliorutubisha Misri vililetwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu na Atbara. Ndiyo maana kwenye gemu kuna mwaka maji yanakuwa mengi na mwaka mwingine haba, na Wamisri wa kale hawakuwa na namna ila kupima kwa ngazi za mawe kama zile za Elephantine na kumwomba Osiris. Mafuriko ya kila mwaka yaliendelea Misri mpaka ujenzi wa bwawa kubwa la Aswan, lililokamilika mwaka 1970.

3. Kambi za vibarua jenga mapema, na jenga zaidi ya unavyodhani.

4. Miungu yote ina haki yake. Mgeni anamjengea mungu mlinzi wa mji peke yake, sherehe zote za kwake, halafu anashangaa wengine wakimgeukia. Zungusha sherehe. Ukikosa deben, yaani pesa ya kwenye gemu, za sherehe kubwa fanya ndogo.

5. Usipandishe mji mzima kuwa wa matajiri. Hili linauma kwa sababu linakuja wakati unajiona umefaulu. Nyumba zikifika kiwango cha majumba ya wakubwa, waliomo wanakuwa waandishi, na mwandishi hafanyi kazi kwako tena, anakula, anakunywa bia, anataka vitambaa na burudani, basi. Mji unang'aa huku machimbo yamesimama. Amua mapema mtaa upi utakuwa wa wakubwa, uutenge kwa vizuizi, na wengine wabaki na maisha ya kawaida mazuri. Kodi utaipata, ila mawe nani avute?

6. Anayejenga kaburi lazima ale. Gemu linakufundisha hili kwa ukali na historia inalikubali. Mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme Ramesses wa Tatu, mafundi wa Deir el-Medina, wale waliokuwa wanachonga makaburi ya wafalme, mgao wao wa nafaka ulichelewa, wakaacha kazi wakaenda kukaa kwenye mahekalu mpaka wasikilizwe. Maandishi yake yapo, yanatunzwa Turin, Italia. Kwa hiyo unapomwona mgeni ana shamba moja la ngano na tayari ameweka msingi wa piramidi, mzuie kwa upendo.

7. Mnara, yaani piramidi na majengo makubwa kama hilo, ni usafirishaji kuliko ujenzi. Mwaka 2013 kule Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo yenye kumbukumbu za kazi za msimamizi mmoja aliyeitwa Merer, wa enzi za mfalme Khufu, mwenye piramidi kubwa la Giza. Mengi ya yaliyomo ni safari: leo tumepakia mawe ya chokaa Tura, kesho tuko njiani kwenda Giza, keshokutwa tumeshusha. Ukifika misheni ya Rostja, yaani Giza ya kwenye gemu, utamwelewa. Yadi ya mawe iwe karibu na eneo la mnara, mbao za maseremala zisikatike, na njia ya kuvutia mawe usiizibe kwa bustani.

Na tafadhali, vifaa vya maziko. Mtu anamaliza jiwe la mwisho, anashangilia, na misheni haifungi. Anazunguka ramani nzima akitafuta kosa, kumbe mfalme anadai vitu vya kuzikwa navyo ambavyo havijawahi kupelekwa. Fungua ukurasa wa msimamizi wa minara siku ileile unayoweka msingi, soma kinachotakiwa, uone kipi unakitengeneza na kipi lazima ununue nje. Kile cha nje anza kukinunua mwaka huohuo, maana kila mji unaofanya nao biashara una kiwango chake kwa mwaka, na hata uwe na deben zilizojaa, hawakuuzii zaidi ya hapo.